Maneno Nayajua, Maana Siioni: Kutafuta Hitilafu Katika Tamathali za Kiingereza

"Mwalimu, kila neno kwenye sentensi hii nalijua, ila sentensi yenyewe inanishinda." Ujumbe wa namna hii naupokea karibu kila wiki. Leo anayeandika ni mwanafunzi wa kidato cha tano, kesho ni muuguzi aliyehamia Uingereza, keshokutwa ni karani wa kampuni ya utalii aliyepewa barua pepe ya mgeni aijibu. Shida zao ni zile zile, na karibu wote wameshajaribu dawa ile ile ya kuongeza msamiati. Haisaidii sana. Hitilafu ipo kwenye kutotambua ni wakati gani Kiingereza kimeacha kulisema jambo waziwazi na kuanza kulizunguka.

Nimezipanga shida hizi kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Kuna mahali pa kuacha kuhangaika peke yako na kumwita mtaalamu. Hapo nimepataja mwishoni, na njiani pia kuna maonyo.

Kipimo cha kuanzia

Isome sentensi kana kwamba ni maelezo yaliyoandikishwa kituo cha polisi, neno kwa neno. Kisha jiulize: jambo hili linaweza kutokea kweli?

"My boss exploded." Bosi halipuki, basi hiyo ni tamathali, na inayosemwa ni hasira yake. Wakati mwingine jambo linaweza kutokea, ila haliendani na hali iliyopo: mtu ameingia amelowa chapachapa, maji yanamchuruzika, anasema "Lovely weather!" Hapo shuku kejeli. Na kama jambo linawezekana na linaendana na hali, liache lilivyo. Nasema hivi kwa sababu nimeona wanafunzi wakishafundishwa tamathali, hata "The door was red" wanaitafutia damu na mapinduzi. Mlango ulipakwa rangi nyekundu. Basi.

Dalili: Kila neno nalijua, sentensi siielewi

*Sababu ya kwanza ni nahau.* Hii inaongoza kwa mbali. "She spilled the beans": alitoa siri. "I'm feeling under the weather": sijisikii vizuri. "It cost an arm and a leg": bei ilikuwa ya kuua.

Ukaguzi mwepesi ni kutafuta nomino iliyopotea njia. Mnazungumzia maandalizi ya harusi, hakuna aliyetaja chakula. Maharage yameingia kutoka wapi? Nomino ngeni ya namna hiyo, mara nyingi, imekuja na nahau.

Ukaguzi wa pili ni kubadilisha neno moja kwa kisawe chake. "Kick the bucket" ni kufa. Ukisema "kick the pail", ingawa "pail" ni ndoo vilevile, umebaki na mtu anayepiga teke ndoo. Tabia hii tunaijua wenyewe: konde ni ngumi, lakini anayejikaza hupiga moyo konde, na sijamsikia mtu akipiga moyo ngumi. Kinachogoma kubadilishwa ni nahau, na nahau hufunguliwa ikiwa nzima. Kwa hiyo usiishie kutafuta "bucket" kwenye kamusi. Kamusi ya wanafunzi ya Oxford, kwa mfano, huweka nahau chini ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa, baada ya maana zote za kawaida, na mara nyingi utaikuta chini ya neno la kwanza lenye uzito, hapa "kick". Wengi husoma maana mbili za juu wakafunga kitabu. Shuka hadi chini.

*Sababu ya pili ni kitenzi chenye mkia.* "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put up with" ni kuvumilia. Ukilijua "put" peke yake, hakuna ulichopata. Usiwakasirikie, sisi tuna piga, pigia, pigana, pigisha, na mgeni wa Kiswahili naye analia. Mkia wa Kiingereza uchukulie kama mnyambuliko wetu: kitafute kitenzi pamoja na mkia wake.

*Sababu ya tatu ni mchezo au kazi usiyoijua.* Hapa pana utamu, ngoja nikae kidogo.

Wamarekani wamelelewa na besiboli. "A ballpark figure" ni makadirio ya jumla. "Touch base" ni kuwasiliana kwa kifupi. Jambo lililotokea "out of left field" limekuja bila mtu kulitegemea. Waingereza wana kriketi: habari iliyokuacha hoi "hit you for six", kwa kuwa mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mpigaji hupata mikimbio sita. Ndondi ni ya wote. "Throw in the towel", kukubali kushindwa, ni taulo linalorushwa ulingoni na watu wa kona ya bondia. Huna haja ya kujifunza sheria za besiboli. Jiulize tu msemaji ni wa wapi, na kwao watu wanacheza nini.

Kisha kuna bahari. Uingereza ni nchi ya kisiwani na lugha yake imelowa maji ya chumvi. "Learn the ropes", kuizoea kazi mpya, ni baharia mgeni akifundishwa kamba za matanga. "Taken aback", kupigwa na butwaa, ni upepo uliokigeukia chombo kwa mbele, tanga likabanwa kwenye mlingoti na safari ikasimama ghafla. "Three sheets to the wind" ni mtu aliyelewa chakari, na hizo "sheets" si mashuka: ni kamba za kubana na kulegeza tanga, ambazo zikiponyoka chombo huyumba kama mlevi. Msomaji wa Lamu au Pemba atacheka, maana hii ni lugha ya nyumbani kwake. Nasi tunasema mambo yamekwenda mrama, na wengi wanaosema hivyo Dodoma au Nakuru hawajawahi kukaa ndani ya jahazi. Mrama ndio huko kuyumba kwa chombo. Picha ilishazama, maana ikabaki inaelea. Mwingereza wa leo naye ni hivyo hivyo. Muulize mlingoti unahusikaje na "taken aback", uone atakavyokutazama.

Dalili: Nilielewa kinyume kabisa

Hii inauma kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hujui kwamba hujaelewa. Miaka ya nyuma nilimpelekea bosi wangu Mwingereza pendekezo la mradi. Likarudi na maneno matatu ya kalamu pembeni: "A brave proposal." Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimesifiwa ushujaa. Wiki mbili baadaye pendekezo lilikuwa kwenye kapu la taka, na ndipo mwenzangu wa kazini aliponieleza taratibu kwamba "brave", kwa mdomo wa mtu yule, ni kujitosa kisimani bila kuuliza kina.

*Sababu ya kwanza: wametoa chumvi.* Kwetu anayelikuza jambo anatia chumvi. Waingereza wana ugonjwa wa upande wa pili, wanaitoa. "Not bad" yaweza kuwa nzuri sana. "A bit of a problem" yaweza kuwa msiba.

Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliingia usiku kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia, na injini zote zikazimika. Rubani Eric Moody akawatangazia abiria: "We have a small problem. All four engines have stopped." Tatizo dogo! Walifanikiwa kuziwasha tena na kutua salama Jakarta, na tangazo lile linakumbukwa mpaka leo kama kielelezo cha namna Mwingereza anavyozungumza moto ukiwa umefika darini.

Kuna wakati mwisho wake si wa kuchekesha. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kwenye mto Imjin, inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie wa Uingereza alimweleza jenerali wa Marekani kuwa mambo ni "a bit sticky". Mwingereza mwenzake angesikia: tunaangamia. Mmarekani alisikia: kuna ugumu kidogo, tutamudu. Kikosi cha Gloucestershire kikabaki kimeshikilia vilima huku kimezingirwa, na walio wengi wakauawa au kutekwa. Wote wawili walizaliwa ndani ya Kiingereza. Basi wewe uliyejifunzia darasani usijilaumu mno.

Ukaguzi mwepesi: yatazame maneno madogo. "A bit", "rather", "slightly", "not ideal", "not entirely happy". Yakikaa jirani na jambo zito, lizidishe uzito kabla ya kujibu.

*Sababu ya pili ni kejeli.* Kejeli tunaijua tangu utotoni. Mtoto kavunja sahani ya wageni, mama anasema, "Ahsante mwanangu, umenisaidia." Kinachotuongoza ni sauti, na jicho. Maandishi hayana sauti wala jicho, kwa hiyo tafuta sifa inayorudiwa kupita kiasi. Ndivyo anavyofanya Antony kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. "Brutus is an honourable man", anasema mbele ya maiti ya Kaisari, ambaye Brutus ni mmoja wa waliomuua, na unaweza kumwamini. Anairudia. Anairudia tena. Kila inaporudi imepungua heshima na kuongezeka sumu, hadi umati unaondoka kwenda kuichoma nyumba ya huyo mheshimiwa. Ukikutana na sifa ile ile mara tatu katika ukurasa mmoja, acha kuisoma kama sifa.

*Sababu ya tatu ni nchi.* Mmarekani akisema kazi yako ni "quite good" amefurahi. Mwingereza akisema hivyo, mara nyingi amesema ni ya kuridhisha tu. "To table" ni kali zaidi. Uingereza ni kuliweka jambo mezani lijadiliwe; Marekani ni kuliahirisha. Churchill alisimulia kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa nchi hizo mbili walivutana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Onyo: kama uamuzi wa kazi au fedha unategemea sifa ya namna hii, usiifasiri mwenyewe. Jibu kwa swali lisilo na mlango wa nyuma: "Shall I go ahead, or should I change it first?"

Dalili: Nilisema sawasawa, watu wakanyamaza

*Sababu ya kwanza: maana ni sahihi, mahali si pake.* Kijana mmoja aliandika rambirambi kwa rafiki yake Mwingereza: "I'm so sorry your grandfather kicked the bucket." Alikuwa amejifunza nahau hiyo juma lile lile na akaona fahari kuitumia. Maana aliipata. Lakini amemwambia mfiwa, "Pole, babu kakata kamba." Kilichohitajika ni "passed away", ambayo ni ndugu ya kuaga dunia. Ukaguzi: kamusi nzuri huweka alama kando ya nahau, kama "informal", "humorous", "offensive". Kialama hicho ndicho kinachokuambia kama usemi huu ni wa kijiweni au wa msibani, na ndicho ambacho watu hawakisomi.

*Sababu ya pili: umehamisha nahau ya Kiswahili mzima mzima.* Viungo vya mwili ndivyo vinavyotuponza zaidi, kwa kuwa lugha zote mbili zina moyo, kichwa na mkono, ila kila moja imevipa kazi zake.

Kuvunjika moyo ni kukata tamaa. "Heartbroken" ni huzuni ya kufiwa au kuachwa na mpenzi. Mwombaji wa chuo aliyeandika kwamba ada ilimfanya "heartbroken" alimfanya msomaji afikirie machozi, wakati alitaka kusema "discouraged". Mtoto mwenye kichwa kwetu ni mwenye akili; "big-headed" ni mwenye majivuno. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi. Kwao "the long arm of the law" ni mkono wa sheria unaomfuata mwizi huyo huyo. Na aliyepata jiko, ukimtafsiri neno kwa neno, ametoka tu dukani, hakuna harusi.

Chumvi inastahili sentensi yake. Mswahili anayesimulia ndiye anayeitia, hadithi ikanoga. Kwa Kiingereza anayeishika chumvi ni msikilizaji: "take it with a pinch of salt" ni kuambiwa usiliamini jambo lote. Chumvi ile ile, na uongo ule ule, ila kijiko kimehamia mkono mwingine.

Dawa ya kina hapa ni moja: kabla ya kuitumia nahau kwenye maandishi ya maana, itafute ndani ya sentensi tatu zilizoandikwa na wenye lugha. Usipozipata, sema jambo lako waziwazi. Kiingereza cha wazi hakijamwaibisha mtu.

Dalili: Picha naiona, lakini hisia haiji

Hii huwapata wasomaji wa ushairi, na karibu kila mara sababu ni hali ya hewa.

"Shall I compare thee to a summer's day?" Ndivyo linavyoanza shairi la 18 katika mkusanyo wa Shakespeare uliochapishwa 1609. Msomaji wa Dar es Salaam anaona Februari: jua la utosi, foleni, shati limegandamana na mgongo. Kwa nini mtu amfananishe mpenzi wake na adha hiyo? Lakini London, hata Julai, joto la mchana kwa kawaida ni nyuzi 23 au 24 hivi, na kabla yake kumekuwa na miezi ya giza na ubaridi. Siku ya kiangazi kwao ni zawadi, tena fupi, ndiyo maana mshairi anaendelea kulalamika kwamba haidumu, na kwamba pengine "the eye of heaven", jicho la mbinguni, yaani jua, huwaka kupita kiasi. Soma "summer" ukiwaza asubuhi ya Juni huko Lushoto au Limuru baada ya ukungu kupanda. Hapo hisia itakuja.

Upana wa jambo hili ni mkubwa kuliko shairi moja. Waliotoka kwenye baridi wameuweka wema upande wa joto: "a warm welcome", "a warm heart", na ukitengwa unapewa "the cold shoulder". Sisi tumeuweka wema upande wa ubaridi: moyo umepoa, roho imeburudika, hali ni shwari. Mambo? Poa. Mwingereza anayefariji anakupasha moto, Mswahili anakupoza. Kisha vijana wao wakaja na "cool" kwa maana ya kitu kizuri, wakavuruga mstari wote, na hapo sina la kufanya.

Dalili: Kwenye habari, jengo linaongea

"The White House said." "Number 10 denied." "The Pentagon is considering." Sababu ni moja, taashira: mahali panasimama badala ya watu waliomo. Magazeti yetu yanasema "Ikulu imekanusha" na hakuna anayedhani kuta zimefungua mdomo. Jiulize nani anafanya kazi pale. Namba 10 ni ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, Pentagon ni wizara ya ulinzi ya Marekani, na "the Crown" katika mahakama za Uingereza ni upande wa mashtaka. Ukikuta "Fleet Street", ni magazeti ya Uingereza, ingawa magazeti yenyewe yalianza kuuhama mtaa huo miaka ya 1980. Na kitu alichovaa mtu kinapobeba mtu mzima, kama "boots on the ground", hesabu askari, usihesabu viatu.

Dalili: Kwenye mtihani nachanganya majina

Walimu wenzangu watanisamehe, ila majina ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote na ndiyo inayopewa muda mwingi. Makosa yanayojirudia ni matatu.

Kuona "like" au "as" ukaandika tashbihi papo hapo. "She looks like her mother" si tashbihi, ni kufanana kwa kweli. "As tall as his brother" ni kipimo cha urefu. Tashbihi hulinganisha vitu vya jinsi mbili tofauti: "He eats like a lion." Sitiari ndiyo hiyo hiyo ikiwa imevua kiunganishi: "He is a lion."

Kuita kila kitu tashihisi. "The wind whispered" ni tashihisi, upepo umepewa tendo la binadamu. "The leg of the table" ni sitiari iliyokwisha kufa, na Kiswahili kinayo, mguu wa meza. Na ukikuta "she" pasipo mwanamke yeyote kwenye habari, rudi nyuma utafute meli. Ni mazoea ya zamani ya Kiingereza, usitafute mapenzi.

Kudanganywa na neno "literally". "I literally died laughing", na anayesema yu hai mbele yako. Ni mubalagha. Neno lenyewe lina maana ya "kihalisi, neno kwa neno", lakini watu hulitumia kukuzia jambo, na kamusi kubwa zimeshaliandika hivyo.

Dalili: Habari mbaya ilipita mbele yangu sikuiona

Sababu ni tafsida, yaani kulifunika jambo zito kwa maneno laini, na ndiyo tamathali ninayoiogopa. Nyingine zikikupita umekosa utamu. Hii ikikupita umekosa jambo lenyewe.

"We have to let you go." Umefukuzwa kazi. Kuna aliyedhani anaruhusiwa kutoka mapema siku ile, akashukuru. "She lost the baby." Mimba imeharibika, hakuna mtoto aliyepotea sokoni. "We lost him" hospitalini ni kifo. "He is between jobs" hana kazi. Wakubwa nao wana zao. Mwaka 1986, katika kesi iliyosikilizwa Australia, katibu wa baraza la mawaziri la Uingereza, Sir Robert Armstrong, alikiri kuwa "economical with the truth", mbanifu wa ukweli, na usemi huo umebaki ukitajwa kila kiongozi anapokwepa swali.

Ukaguzi: anayeongea amepunguza sauti? Ameanza na "I'm afraid" au "unfortunately"? "I'm afraid" haisemi kwamba anaogopa. Inasema: jiandae.

Acha hapa, mwite mtaalamu

Mkataba wowote. "Time is of the essence" inasikika kama nasaha ya babu kuhusu kuutunza muda, kumbe katika mkataba inaweza kumpa mwenzako haki ya kuuvunja ukichelewa siku moja. "Act of God" kwenye bima haiulizi imani yako; ni janga la asili ambalo hakuna mtu wa kulaumiwa, na mipaka yake inaamuliwa na maneno ya sera yenyewe. Hapa kamusi ya nahau weka chini, tafuta wakili.

Mahakamani, polisi, na mahojiano ya uhamiaji au ukimbizi. Omba mkalimani hata kama Kiingereza chako cha kuongea kinatosha, na usikubali kuwa mkalimani wa ndugu yako. Sentensi ya mubalagha kama "they killed us", uliyoizoea kwa maana ya kuteswa au kushindwa vibaya, ikiandikwa kama ilivyo itakurudia.

Vitisho. "You'll be sleeping with the fishes" si mwaliko wa pwani, ni kutishiwa kuuawa. Usitafakari kama ni utani; mwonyeshe mwenye lugha unayemwamini, au polisi.

Na hospitali. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpatia mkalimani bila malipo mgonjwa asiyekimudu Kiingereza, kwa hiyo dai. Familia moja iliambiwa na daktari kuhusu mzee wao, "He's not out of the woods yet." Kijana wao wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria, akasema babu bado hajatoka msituni. Wakakaa usiku kucha wakibishana kama mzee amechanganyikiwa na anadhani yuko shambani. Asubuhi akaja mkalimani, akatumia maneno manne: bado yuko kwenye hatari.